Mwalimu, Nisome Kitabu Gani?

Toleo lililopita niliwaomba mniandikie kitabu kimoja cha Kiswahili mnachokipenda, na mnieleze kwa nini mtu mwingine ahangaike kukitafuta. Barua zimekuja nyingi kutoka kila pembe ya Dar es Salaam na zote nimezisoma. Nyingi zinasema kitabu fulani ni kizuri sana na kina mafunzo mengi. Ndugu zangu, ukimwambia jirani yako hivyo ataitikia kwa adabu, na kitabu hatakitafuta. Ninachotaka mniambie ni mahali. Ni wapi ndani ya kitabu hicho ulipoacha wali ukaungua, au ulipopitilizwa kituo chako kwenye daladala? Ni nani humo ndani unayemuwaza mpaka leo kama jirani aliyehama mtaani bila kuaga? Ukiniambia hilo, nami nitakitafuta, na wengine watakitafuta.

Leo nimechanganya wanaouliza na wanaopendekeza.

Shikamoo Mwalimu. Nilisoma Vuta N'kuvute nikiwa kidato cha sita, na kwenye mtihani swali la riwaya nilipata alama nzuri. Sasa mke wangu, ambaye yeye alisoma masomo ya biashara, amekinunua mwenyewe. Kila jioni ananisimulia, na mimi nasikia kama kitabu kingine kabisa. Ninachokumbuka ni dhamira tu: ndoa za kulazimishwa, ukoloni, ubaguzi. Kuna haja ya kukirudia? – Baba Salma, Tabata

Marahaba Baba Salma. Haja ipo, tena kubwa, na barua yako imegusa jambo linaloniuma kuliko mengine yote niliyoyaona katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili sekondari. Mwanafunzi anapewa riwaya mkono wa kulia na desa mkono wa kushoto. Kabla hajafungua ukurasa wa kwanza ameshajua kwamba humo mna dhamira kadhaa, migogoro kadhaa, na msimamo wa mwandishi ni wa kimapinduzi. Anakariri, anajibu, anafaulu. Nimekutana na watu wazima, wazazi wa watoto, wanaoweza kunitajia falsafa ya mwandishi bila kusita, lakini hawakumbuki Yasmin alilala kwa nani usiku ule alipofukuzwa. Watu hao hawajakisoma kitabu. Wamekifanyia mtihani.

Kwa hiyo sahau mtihani, tukianze upya. Adam Shafi alikitoa mwaka 1999, lakini anatupeleka Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin ni binti wa Kihindi wa miaka 15 anayeozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka ambaye umri wake ni wa baba yake kabisa. Ndoa inamshinda. Anarudi kwao, na kwao wanamfungia mlango kwa sababu ameivunja heshima ya jamaa. Hapo ndipo unapotakiwa kusoma polepole, Baba Salma. Mlango unaofunguka uko mtaa wa Ng'ambo, huko huko Unguja, na anayeufungua ni Mwajuma.

Mwajuma hana mali. Anapenda taarabu, anapenda kujipamba, anapenda starehe, na watu wa mtaani wanamsema. Kwenye desa atawekwa chini kabisa ya orodha kama mhusika msaidizi. Mimi nakwambia kitabu kile kinamwegemea yeye. Tazama anavyompokea mtoto wa watu ambaye jamii yake isingemkaribisha Mwajuma hata barazani. Hamuulizi maswali mengi. Anamgawia chumba, anamgawia chakula, anamfundisha kuishi na watu. Denge naye yupo, kijana wa siasa anayefuatwafuatwa na polisi wa mkoloni, na mapenzi yake na Yasmin ndiyo yanayovuta hadithi mbele. Lakini Denge bila chumba cha Mwajuma angekutana na Yasmin wapi? Swali la mtihani halikuuliza hivyo, ndiyo maana hukulikumbuka.

Kaa na mkeo, msomeane kwa sauti, leo yeye, kesho wewe. Mazungumzo ya Adam Shafi yameandikwa kwa ajili ya sikio. Utasikia watu wa Unguja wanavyotaniana na kukatana kauli. Mkimaliza, itafuteni na filamu iliyotengenezwa na Amil Shivji kutokana na riwaya hiyo, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Nasema mkimaliza, kwa sababu filamu imechagua njia yake, na ukianza nayo utamwona Yasmin wa filamu kila ukurasa.

Ticha, shikamoo. Mimi ni bodaboda, kijiwe changu kipo Mbagala Rangi Tatu. Mchana abiria wachache na bando linaisha mapema. Nataka kitabu cha upelelezi kisicho na maneno magumu, ambacho nikikatishwa na abiria, nikirudi najua nilipoishia. – Kijana wa kijiweni

Marahaba kijana wangu. Umeomba kitu ambacho Kiswahili kina utajiri nacho, na wengi waliosoma sana wanakidharau bila sababu. Mimi sikidharau. Kizazi changu kizima kilizoea kusoma kwa sababu ya vitabu hivi, tukivificha chini ya dawati wakati wa hesabu.

Anza na Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, cha mwaka 1974. Mpelelezi wake ni Willy Gamba, na kisa kinaanza na nyaraka za siri za wapigania uhuru kuibwa, Willy anatumwa Nairobi kuzifuata. Leo inaweza kuonekana kama sinema. Lakini tangu mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapa hapa Dar es Salaam. Wapigania uhuru wa Msumbiji na Afrika Kusini walikuwa na ofisi mjini, na watu walijua kwamba wapo maadui wanaowawinda. Mwaka 1964 kulikuwa na uasi wa jeshi hapa mjini, mwaka 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO ya Msumbiji, aliuawa hapa kwa bomu lililowekwa ndani ya kitabu. Kwa hiyo msomaji wa wakati ule alipomfuata Willy Gamba alikuwa anasoma hofu ya jiji lake mwenyewe. Ukisoma ukilijua hilo, kila mlango unaogongwa una uzito.

Ukimpenda Willy, nenda kwa Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Tutarudi na Roho Zetu? kinakwenda mbio, Joram na mwenzake Nuru dhidi ya makaburu, na sura zake zinakatika mahali ambapo hata abiria akikuita utamwambia subiri kidogo. Mtobwa ana kingine, Dar es Salaam Usiku, ambacho si cha upelelezi ila kinalijua jiji hili giza likiingia. Na ukikutana na Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, kilichotoka mwaka 1965, usikiache. Hao wengine wote walipita njia aliyokwisha kuifyeka.

Mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla mwache kwanza. Si kwamba hafai. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi, ndicho ninachokiheshimu kuliko vyote hivi. Bwana Msa hapigi mtu. Ana kiko chake, anakaa, anauliza, anasikiliza, na wewe unatakiwa ukumbuke kila alichoambiwa. Kinataka utulivu ambao kijiweni hakuna. Kisome siku ya mapumziko, mvua ikinyesha.

Nikwambie na hili kwa moyo mweupe. Katika vitabu vya Musiba na Mtobwa wanawake mara nyingi wanaelezwa kwa maumbo yao kabla hawajaelezwa kwa akili zao. Soma huku unaliona hilo. Na ukinunua nakala ya mitumba, fungua ukurasa wa mwisho kabla hujatoa pesa, kwa sababu vingi vimechanika mwishoni, na kitabu cha upelelezi kisicho na mwisho ni mateso.

Assalaam aleikum Mwalimu. Nimemkuta binti yangu wa kidato cha tatu ana Rosa Mistika chini ya mto. Dada yangu anasema kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku, kina mambo ya aibu. Nimekificha kabatini. Nimrudishie au nikirudishe alikokiazima? – Mama Asha, Kigamboni

Waalaikum salaam dada yangu. Kitoe kabatini, lakini kabla hujampa, kisome wewe. Si kirefu.

Dada yako amesema kweli. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Namagondo huko Ukerewe, alikitoa mwaka 1971 akiwa na miaka 27 tu, na kikapigwa marufuku mashuleni. Baadaye marufuku ikaondoka, kikaingia hata kwenye orodha ya vitabu vya kufundishia. Kilichowatisha watu ni kwamba kijana yule aliandika waziwazi kuhusu mwili wa msichana, mimba, kutoa mimba, na wanaume wenye vyeo wanaotumia vyeo vyao kuwapata wanafunzi. Sijui ni kipi kati ya hayo ambacho binti wa kidato cha tatu hapa Dar hajakisikia. Tofauti ni kwamba amekisikia kwa minong'ono ya wenzake, na Kezilahabi anamwonyesha kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Kinaanzia nyumbani, dada yangu. Ndiyo maana nasema usome wewe kwanza. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi na mkali. Rosa anapata barua kutoka kwa mvulana, Charles, na kwa ajili ya barua hiyo Zakaria anampiga kipigo cha kutisha. Hakuna anayekaa na mtoto kumwambia mvulana ni nani, mapenzi ni nini, mwili wake unabadilikaje. Fimbo tu, halafu kimya. Rosa anakua anawaogopa wanaume. Kisha anakwenda mbali kusoma, fimbo haipo tena, na hajui chochote cha kujishikilia. Nilipokuwa nafundisha kitabu hiki, sehemu ya Zakaria na ile barua ndiyo iliyokuwa ikiwainamisha wasichana vichwa darasani. Hawakucheka, na wavulana nao waliacha kucheka. Nilijua kwamba wapo wanaoijua nyumba ile.

Nisikufiche jambo: mwisho wake ni mzito. Rosa anajiua. Ndiyo sababu sitaki binti yako akisome peke yake kwa kificho akilia humo humo. Mpe, kisha muwe na maongezi. Usimuulize "umejifunza nini?", maana atakujibu kama anavyomjibu mwalimu. Muulize kuhusu Regina, mama yake Rosa, mwanamke mwema aliyeona kila kitu na hakuweza kumzuia mumewe. Muulize yeye angemshauri Regina afanye nini. Halafu nyamaza, msikilize. Yawezekana atakwambia jambo ambalo si la kitabuni.

Ukiona bado ni mdogo wa moyo, mwambie wazi kwamba mtakisoma pamoja mwakani, na umwambie kwa nini. Kukificha bila neno ni kufanya vile vile alivyofanya Zakaria, hata kama hakuna fimbo.

Kezilahabi alifariki hapa Dar es Salaam Januari 2020. Aliandika na Kichwamaji, na Dunia Uwanja wa Fujo, na baadaye Nagona na Mzingile ambavyo hata mimi huvisoma kwa kupumzikapumzika. Lakini kwa maoni yangu hakuna mahali alipowasemea wasichana kama katika kitabu hiki cha mwanzo.

Mwalimu, shikamoo. Mimi siulizi, napendekeza. Utubora Mkulima cha Shaaban Robert. Niliacha kazi ya ofisini katikati ya jiji nikaenda Mkuranga kulima mihogo na mananasi. Ndugu zangu walisema nimerogwa. Kitabu hiki nilikikuta kwa muuza mitumba, na pale Utubora anapoacha kazi ya mshahara kwa Ahadi na kwenda Busutamu kushika jembe, nilisoma nikarudia. Nilimpelekea kaka yangu na karatasi nikaiweka kwenye ukurasa huo. – Mkulima wa Mkuranga, zamani Upanga

Marahaba mwanangu. Haya, wasomaji, hivi ndivyo mtu anavyopendekeza kitabu. Ametaja mahali, ametaja kisa, na karatasi ameiweka ndani.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akafariki 1962; Utubora Mkulima kilitoka mwaka 1968, mwenyewe akiwa kaburini. Wengi wanamjua kwa Kusadikika tu. Nitasema ukweli ninaowaambia vijana wote: watu wa Shaaban Robert wamepewa majina ya tabia zao, na mwema wake ni mwema kuanzia unyayo hadi utosi. Msomaji aliyezoea watu wa Kezilahabi wenye makosa na tamaa anaweza kuchoka. Dawa ni kumsoma kwa sauti. Sentensi zake zimepimwa, ukizisoma kwa macho tu unazipoteza.

Na anayetaka kumwona Shaaban Robert akiandika juu ya mtu wa nyama na damu, achukue Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, kwenye nyumba ya umaskini. Alikuwa akitembeza vyungu akinadi kwa sauti, na sauti ile ndiyo iliyompeleka mjini, na mwaka 1928 hadi Bombay kurekodi santuri. Watu walimcheka kwa sura yake na kwa asili yake. Mwandishi anasimama upande wake bila kuyumba. Ninawapendekezea hasa mama ntilie, mafundi cherehani, wauza maandazi, kila mwanamke aliyeanza na biashara ya kutembeza, na nawaomba msome pale Siti anapotoka shamba kwenda mjini.

Mwalimu, Abdulrazak Gurnah alipata Nobel mwaka 2021. Kwa Kiswahili nianzie wapi? – Mwanachuo, Sinza

Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Paradise, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf ana miaka 12, na tajiri anayemwita Ami Aziz anamchukua kutoka kwa wazazi wake. Mtoto anadhani anakwenda kutembea. Amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Soma vizuri safari ya msafara kwenda bara, kabla ya vita vya kwanza vya dunia, na Wajerumani wanavyozidi kuonekana kila ukigeuza ukurasa. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948 na aliandika kwa Kiingereza akiwa Uingereza, lakini ukiwasikia watu wake wakizungumza Kiswahili utaona wamerudi kwenye lugha waliyokuwa wakiizungumza tangu mwanzo.

Shikamoo bibi. Kila toleo unawachagulia wengine. Wewe mwenyewe ukiambiwa ubaki na kitabu kimoja utabaki na kipi? – Mjukuu wa Bi Tatu, Keko

Marahaba mjukuu wangu. Umeniuliza ukiwa Keko, na mimi nimekulia Kurasini, kwa hiyo jibu langu utalielewa vizuri. Ni Kuli cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1979.

Baba yangu alikuwa kuli katika bandari ya Dar es Salaam. Alipakia marobota ya mkonge na pamba, magunia ya kahawa, mifuko ya saruji iliyomchoma shingo. Hakwenda shule. Kitabu kilipotoka mimi nilikuwa mwalimu mpya, na jina lake liliponiangukia machoni dukani nilikinunua kwa ajili yake. Nikawa namsomea baada ya chakula cha usiku. Mzee alikuwa na tabia ya kuitikia kila hadithi kwa heshima, "naam, naam," huku anasinzia. Kwa Kuli hakusinzia. Alinikatiza. Alinisimamisha ili anieleze namna ya kulipokea gunia mgongoni bila kuvunja kiuno, kwamba unainama kwa magoti, na mwenzako asipolitua vizuri umekwisha. Alitaka nirudie kila mahali palipotaja njaa ya kuli anayerudi nyumbani mikono mitupu.

Kitabu kinamfuata Rashidi, kijana wa Unguja anayeingia bandarini kwenye kazi ile ile ya baba yake, na kinakwenda hadi mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Tulipofika kwenye mgomo, baba alikaa wima. Alikuwa kijana kwenye gati wakati wa mgomo wa Septemba 1947, ulioanza na makuli wa hapa Dar es Salaam ukasambaa sehemu nyingi za Tanganyika. Alikuwa hajawahi kunisimulia. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote ile, nimesoma chuo, nafundisha watoto wa watu, na sikujua kwamba baba yangu aliweka chini mzigo pamoja na wenzake na kukataa kuunyanyua. Aliniambia majina yao. Aliniambia nani alileta uji, nani aliogopa akarudi kazini usiku, na kwamba waliorudi hawakulaumiwa wote, maana wengine walikuwa na watoto wagonjwa.

Wahakiki wanasema Kuli kina hotuba nyingi, kwamba Rashidi anaelimishwa mbele yetu kwa maneno mengi kuliko matendo. Wako sahihi, na Vuta N'kuvute kimeandikwa kwa ustadi zaidi, mwandishi akiwa amekomaa. Lakini hujaniuliza kipi kimeandikwa vizuri zaidi. Baba yangu alikuwa amesikia vitabu vya dini na hadithi za wafalme, na alidhani vitabu ni vya watu hao. Aliponiuliza, "Huyu bwana aliyeandika, nani alimwambia mambo yetu?" nilielewa kazi yangu ya ualimu kuliko chuo kilivyonieleza.

Kwa hiyo ninakipendekeza kwa namna moja tu. Usikisome peke yako. Keko na Kurasini na Temeke bado wapo wazee waliofanya kazi bandarini kabla ya kreni na makontena. Mtafute mmoja, babu yako au babu wa jirani, umsomee sura ya bandarini, na uwe na kalamu.

Mwalimu unatuchagulia vitabu, vingine havipatikani na vingine bei yake ni ya gunia la mkaa. Tunapata wapi? – Msomaji, Tandika

Swali la haki. Kama huna pesa kabisa, anza Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Kwa ada ya uanachama unasoma na kuazima, na vitabu vingi vya zamani nilivyovitaja, ambavyo havichapishwi tena mara kwa mara, utavikuta huko. Vipya viulize duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House), mtaa wa Samora; Peponi na vinginevyo vya Mkuki na Nyota tafuta hapo. Kwenye mgahawa wa vitabu uitwao Soma, Mikocheni, unaweza kukaa ukasoma na ukakutana na waandishi wenyewe siku za mijadala. Wauza mitumba wa katikati ya mji wanapanga chini, na ukiwa na uvumilivu wa kuinama utapata Musiba na Mtobwa kwa bei ya soda kadhaa. Ukimzoea muuzaji mmoja, mwachie majina ya vitabu unavyotafuta na namba ya simu, atakupigia.

Wanawake wa Tandika mnajua kucheza upatu kuliko mimi. Chezeni upatu wa vitabu: kila mwezi mmoja ananunua, kinazunguka nyumba hadi nyumba, na kila anayekimaliza anaandika jina lake ndani ya jalada na namba ya ukurasa uliomshika.

Toleo lijalo nataka vitabu vya watoto wa chini ya miaka 10. Andika jina la kitabu, mwandishi, umri wa mtoto uliyemsomea, na ni ukurasa gani alikwambia urudie.